Pampu ya Ng'ombe Mmoja

Mzee Waitara Kisyeri aliingia dukani kwetu Sirari asubuhi, akaegemeza fimbo yake kwenye magunia ya pumba, akangoja wateja waishe. Hawakuisha. Duka la dawa za mifugo haliishi watu huku kwetu. Kila alipotoka mmoja waliingia wawili, na yeye akawa anawapisha wote, hata waliomkuta.

Nilimfahamu. Ana miaka sitini na nane, mfugaji tangu azaliwe, mtu anayeweza kukuambia ng'ombe ana mimba ya miezi mingapi kwa kumtazama tu akinywa maji. Mimi nimesomea mifugo chuoni, na mara mbili amenisahihisha mbele za watu, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Aliwahi kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa siku tatu kwa miguu, akawarudisha bila damu kumwagika. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Siku hiyo alikuwa anaogopa.

Nilimwamkia, nikamuuliza shida yake. Akainama juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya chini kwamba anataka pampu ya kukamulia maziwa.

“Ng'ombe wangapi, mzee?”

“Mmoja.”

Nikamweleza kwamba mashine zile ni za wenye ng'ombe wengi. Kwa mmoja, mkono unatosha. Akasema mkono umeshindwa. Nikauliza ni uzao wa ngapi. Wa kwanza. Kiwele kimevimba? Kimevimba, kina moto, na maziwa yanazidi kupungua. Nikawa nimeshanyoosha mkono kuchukua dawa ya ugonjwa wa kiwele, akanizuia. Ndama, alisema, ana wiki tatu. Alizaliwa kabla ya siku zake, akinyonya kidogo anachoka na kulala. Nesi amesema mama asipokamuliwa kila baada ya saa tatu, maziwa yatakauka kabisa.

“Nesi?” nikauliza.

Akageuza uso kwenye magunia ya pumba.

Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi Eunice, mama anayeuza vitu vya watoto wachanga upande wa pili wa mpaka, Isebania. Alikuja kununua chakula cha kuku. Alikuwa ameshaiweka simu yake mapajani.

“Baba,” akasema, “hiyo ng'ombe yako huvaa kitenge?”

Mzee Waitara akatazama viatu vyake.

“Huvaa,” akasema.

Kwa wazee kama yeye, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, na mambo ya mwili wa mkwe hayapiti kinywani mwake. Sasa ataje maziwa ya Bhoke, mke wa mwanawe, mbele ya kijana kama mimi na wanunuzi wa dawa ya kupe? Lakini mwanawe Nchagwa alikuwa safarini na lori, na mke wa mzee mwenyewe, Bibi Waisiko, hakuweza kumwacha mzazi peke yake. Na mtoto, Robi, mjukuu wake wa kwanza, alikuwa anapungua uzito. Bibi Waisiko alikuwa ameulizia pampu kwenye famasi moja Bomani, akatajiwa ya umeme, bei ya mbuzi wawili wakubwa. Mbuzi wenyewe walishauzwa kwa gharama za hospitali. Ndipo mzee akaja mahali pekee alipojua vyombo vya kukamulia vinauzwa, akasema kweli tupu, isipokuwa jina la mnyama.

Nilitazama rafu zangu, nikaona aibu. Nina pampu za kunyunyizia dawa za ukubwa wa aina tatu. Nina chuchu za kunyonyeshea ndama na ndoo zake, na mashine ya kukamulia inayouzwa kwa punguzo kwa sababu kuna mradi unachangia. Ndama ana mradi. Robi hana. Tunaimba kila mwaka kwamba maziwa ya mama hayana mbadala, kisha tunakiacha chombo cha kuyaokoa kiuzwe kama pambo la matajiri. Nani alikaa mezani akaamua hivyo? Nafikiri hakuna aliyeamua. Hakuna aliyefikiria, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikamwachia mwenzangu kaunta, tukavuka mpaka kwa miguu, watu watatu.

Kibandani kwake Eunice alikuwa na aina mbili, zote za mkono, zote mpya ndani ya boksi. Ya kwanza ilikuwa na kibofu cha mpira kama honi ya baiskeli, rahisi kuliko zote. Alikataa kuiuza. Alisema mpira ule hausafishiki ndani, maziwa huganda humo, na mtoto mchanga hastahili uchafu. Amebaki nayo kwa sababu hajapata wa kumrudishia. Ya pili ilikuwa na mpini wa kubana, na kila kipande kilichomoka.

Alipoanza kuonyesha inavyowekwa kifuani, Mzee Waitara aligeuka akampa mgongo, akatazama foleni ya malori. Lakini alisikiliza. Chemsha vipande vyote kwanza. Nawa mikono. Kanda kifua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Bana, achia, bana, achia, kama ndama anavyovuta.

“Inauma?” akauliza yale malori.

“Ukienda polepole, haiumi.”

Bei ilikuwa ya jogoo wawili, na Eunice akapunguza kidogo. “Ingekuwa ya ng'ombe kweli,” akasema, “ningekunyonga kwa bei.” Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akiwa bado amegeuka.

Nilimpeleka nyumbani kwa pikipiki. Alisimama nje ya jiko, uso kwenye zizi, akamtajia Bibi Waisiko maelekezo yote bila kuruka hata moja, na bado alisema ng'ombe. Ng'ombe akandwe kwanza. Ng'ombe asiharakishwe. Ndani nilisikia mtu akizuia kicheko, na bibi akimkemea Bhoke atulie.

Kisha tukangoja. Mzee alikaza nguzo ya zizi ambayo haikuwa imelegea, akaihama, akakaza ya pili. Mimi nilipewa kiti, sikukaa.

Hatimaye sauti ya Bhoke ikatoka ndani, ikimwambia mama mkwe wake, ila kwa nguvu ya kufika zizini:

“Mama, mwambie mzee ng'ombe wake amekamulika.”

Bibi Waisiko akatokea mlangoni na kikombe kidogo cha bati. Kilikuwa kitupu, kina utando mweupe pembeni.

“Na ndama?” mzee akauliza.

“Amekunywa yote. Amelala.”

Mzee Waitara aliachia nguzo, akakaa chini pale pale kwenye samadi kavu, akavua kofia na kujifuta uso nayo.

“Basi mpeni ng'ombe uji,” akasema.