Kamba ya Kokuhirwa Haikazwi

Kokuhirwa alitoka shambani na panga mkononi, akaikuta kamba yake imekazwa. Imekazwa ikakazika, ukiigusa inalia kama zeze.

"Nani kaichezea kamba yangu?"

Jibu alilijua. Ni Byarugaba, mwenyekiti wa kitongoji, mtu asiyeweza kuona kitu cha mwanamke bila kukirekebisha.

Nyumba ya Kokuhirwa iko Nyakasimbi, chini ya mteremko, pale barabara inapokata kona. Wabeba ndizi hushuka hapo na baiskeli zilizosheheni mikungu, na breki yenyewe ni kandambili inayokandamizwa kwenye tairi. Kandambili ikiteleza, kona haikatiki. Baiskeli inakwenda moja kwa moja jikoni kwake. Jiko lilibomolewa mpaka akachoka kukandika. Ndipo akatega kamba nje ya kona, mbele ya jiko. Kila ncha aliifunga kwenye mipira ya ndani ya baiskeli iliyosukwa pamoja, na mipira hiyo akaifunga kwenye tairi la lori lililojazwa udongo. Baiskeli ikiingia, kamba inakwenda nayo, mipira inavutika, matairi yanaburutika, mwendo unakufa taratibu. Mackrine wa Kanoni alinaswa hapo na gunia lake la kahawa, akashuka anacheka, hata kitenge hakikufunguka.

Lakini kamba ililegea, na kulegea huko kulimkera Byarugaba kuliko ajali zenyewe.

"Inaning'inia kama kamba ya mbuzi aliyekufa," alikuwa akisema kilabuni. "Mjane hana wa kumkazia." Watu wanacheka.

Leo ameing'oa mipira, ameyasukumia matairi pembeni, na kamba ameifunga kwenye mikaratusi miwili, usawa wa kifua cha mtu.

Kokuhirwa hajamaliza kusonya, akasikia kelele huko juu: "Pisheni! Pisheni jamani, haishiki!"

Sauti ya Elick, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Aliitazama kamba, ilivyokazwa ingemkata mtu shingo. Akalitazama jiko, udongo wake haujakauka bado. Akatoa tusi la Kinyambo ambalo kanisani hawajawahi kulisikia, akainua panga. Pigo la kwanza, nyuzi nusu. La pili, kamba ikafyatuka ikamchana mkono. Elick akapita na mikungu yake, akaingia jikoni kwa kupitia ukutani.

Vumbi lilipotua, alikuwa amelala juu ya ndizi, kiwiko kimechunika.

"Shemeji, nimekuvunjia jiko."

"Nyamaza. Shingo unayo?"

"Ninayo."

"Basi kaa nayo."

Byarugaba akaja mbio. "Nani kakata kamba? Niliifunga mwenyewe, imara kabisa!"

"Imara!" Kokuhirwa akamsogelea mpaka puani. "Haya, waitu, mheshimiwa wetu, pandisha baiskeli hii mpaka juu. Ushuke bila breki. Nami nakufungia kamba vilevile, imara, hapo hapo kifuani ulipopachagua."

Byarugaba akaitazama mikaratusi, kisha akajishika kifua kama aliyekumbuka kwamba anacho.

"Mama Vero," akamwita Kokuhirwa kwa jina la mwanawe, "mambo haya si ya ugomvi…"

"Panda!"

Hakupanda. Aliinama, akaanza kuyaburuta matairi kuyarudisha mahali pake. Kokuhirwa akasimama nyuma yake, damu ikimtiririka mkononi, asitake hata kuifuta. Mwenyekiti akaiunga kamba, akapiga fundo, na kwa mazoea akalivuta kwa nguvu.

"Legeza."

Akalegeza.

"Legeza tena! Habari ya jiko tutaizungumza ukimaliza, na hutaipenda."