Gari la Baba Mkwe Limo Kabatini Mwangu

Admin, nifiche kabisa. Sema tu ni mwanaume wa Kampemba, maana mke wangu naye anasoma visa vya humu kila siku.

Nina miaka thelathini na minane, mke mmoja, binti mmoja wa miaka saba. Nauza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Starehe yangu ni moja: naunda magari madogo. Wengine wana bia, wengine wana mpira, mimi nina mkasi, makopo ya maziwa na gundi. Siyo vile vigari vya nyaya tulivyosukuma wote utotoni. Mimi naenda na rula, napima gari lenyewe, kisha kila sentimita ishirini zake nazifanya sentimita moja. Vioo nakata kwenye chupa za plastiki, matairi kwenye kandambili kuukuu. Nikianza kupaka rangi hata kula nasahau. Mke wangu alikuwa anacheka tu, "Bwana yangu iko mutoto."

Sasa sikieni ujinga wangu. Mwaka jana nilimtengenezea baba mkwe gari lake kama zawadi. Ni mstaafu wa reli, mzee wa heshima, na lile gari lake la kijani haruhusu mtu hata kuliegemea. Nikaona nisimfanyie kazi nusunusu. Nikaweka mlango wa nyuma uliobonyea, namba zilezile, picha ya Bikira Maria kwenye kioo. Hata yeye mwenyewe nikamchonga, kashika usukani, kofia kichwani. Alipoliona machozi yalimtoka. "Mukwe, uliniweka miye muzima humu ndani!" Tulicheka wote. Laiti ningejua neno hilo litanirudia.

Likakaa sebuleni kwake. Siku moja shangazi wa mke wangu, akipanguza vumbi, akaliangusha, gurudumu la mbele likachomoka. Wiki ileile mzee akiwa njia ya Kipushi, gurudumu la mbele la gari lenyewe nalo likachomoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini shangazi alikumbuka lile lililoanguka, na shangazi akikumbuka jambo, mtaa mzima unalikumbuka.

Familia ikaitana. Shemeji yangu mkubwa akasema kigari kichomwe palepale uani. Shangazi akaruka, "Muchome? Na papa iko mu ndani? Munataka aungue?" Nikasema jamani, hili ni kopo la maziwa! Wakanitazama kama mwizi aliyekamatwa. Mwishowe mzee mwenyewe akanikabidhi. "Weye njo ulifanya, weye njo utachunga. Kintu ikinipata, tutajua muntu ya kuuliza."

Tangu siku hiyo limo kabatini mwangu, kwa kufuli. Nikilichoma nimemuua mzee, na nikimpa mtu mwingine nimemuuza. Mke wangu hapiti karibu na kabati hilo. Kila asubuhi mzee anapiga simu, "Mukwe, iko namna gani? Bapanya habakuigusa?" Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nafungua kufuli, natazama, namjibu, "Iko muzuri, papa." Nilidhani aibu yenyewe ndiyo hiyo, kumbe bado.

Mwezi uliopita nilimsikia mzee anasimama na gari nje kwetu, breki zinalia vibaya. Nikamwambia papa, hizi zimekwisha, peleka kwa fundi. Akacheka. Fundi wa nini, wakati mimi nipo? "Tengeneza bafreni ya ile kadogo. Kadogo ikipona, kakubwa nayo itapona." Nikaeleza mpaka koo likakauka, akabadilika sura. "Kumbe unakatala kunitengenezea?" Ikabidi nifungue kabati mbele yake, nishike bisibisi, nijifanye nakaza kitu chini ya kigari ambacho hakina breki wala hakijawahi kuwa nazo. Akanishukuru, akaondoka na breki zake zilezile. Nilijichukia. Nikamtuma fundi kwake bila kusema ni mimi, akamfukuza getini.

Na huyo mzee ndiye anayempeleka binti yangu shuleni kila asubuhi, kwa gari hilo.

Nilimwambia mke wangu kwamba namtoa mtoto garini, kuanzia sasa ataenda kwa miguu, nitamsindikiza mwenyewe. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Tumeoana miaka tisa, sijawahi kumwona ananiogopa. "Juu ya nini unatosha mutoto wako mu ile motokari? Unajua kintu gani itafika?" Jioni shangazi, Tantine kwa watoto, alikuwa ameshapata habari. Sasa wanasema breki nilizifunga vibaya makusudi, ndiyo maana nataka kumwondoa wangu kwanza. Mke wangu ameapa kwamba mtoto hatashuka kwenye gari la nkambo, babu yake, maana akiwemo yeye, mimi sitathubutu kufanya kitu. Mtoto wangu amekuwa ngao yao, na ninayeogopwa ni mimi.

Jana binti yangu alikuja mwenyewe, na daftari zake mgongoni. "Papa, na miye uniweke mu ile kadogo, kule nyuma ya nkambo. Tantine anasema muntu iko mule, unamuchunga." Nilimkumbatia tu.

Ndugu zangu, mimi siamini mambo haya. Sijawahi kuyaamini hata siku moja. Lakini leo, binti yangu alipokuwa ameegemea fremu ya mlango, nilijikuta nimeshika rula, nimempima toka kisigino hadi utosi, na nimeshagawa kwa ishirini.

Kesho asubuhi mzee atapiga honi. Nishaurini nifanye nini, kabla sijamchonga.