Vitabu Vilivyorudi Baada ya Ubatizo

Katika mji wetu kitabu kipya hubatizwa kama mtoto. Mwandishi anakodi ukumbi na kutafuta baba wa ubatizo, mtu mwenye tumbo na gari. Mchungaji anaomba, mchele unamwagwa juu ya jalada, na wageni wanapanga mstari na bahasha zao. Anayetoa bahasha anapewa nakala, na mwandishi anamwandikia maneno matamu ukurasa wa kwanza. Watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanakwenda nyumbani. Kabla juma halijaisha, vitabu vinakuja kwangu.

Mimi nauza vitabu mezani karibu na stesheni, mahali ambapo treni hufika ikitaka. Maoni yangu juu ya biashara hii ni mafupi. Kitabu kinachouzika ni kile ambacho mwalimu amewatishia watoto. Kingine ni Biblia, ila hiyo watu wanataka bure, wanasema neno la Mungu haliuzwi. Vilivyobaki ni karatasi inayongoja mafuta. Jirani yangu, mama anayekaanga vitumbua na kuvifunga katika kurasa, ananilisha kuliko shule zote za Kalemie. Hanunui kwa jalada, ananunua kwa kilo, na hajawahi kuniuliza kitabu kinasema nini. Anauliza tu kama wino unatoka.

Mwaka ule ziwa lilipopanda hadi barabarani, mzee mmoja mstaafu wa reli alibatiza kitabu chake. Aliandika maisha yake kwenye njia ya Kabalo, tena kwa Kifaransa, kwa sababu hapa kitabu cha Kiswahili watu wanadhani ni cha nyimbo za kanisa. Nilihudhuria bila bahasha. Nilikwenda kuangalia mikono ya wageni, jinsi walivyokishika, nikajua mzigo wangu utakuwa mkubwa.

Nakala ya baba wa ubatizo ilifika ya kwanza, imeletwa na dereva wake. "Bosi anasema kinajaza nafasi." Wakafuata mabinamu wa mzee, wakafuata wanakwaya. Kila nakala niliinunua kwa bei ya vitumbua viwili, nikaitia katika katoni chini ya meza.

Mzee mwenyewe alipita kila asubuhi akienda kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Papa, watu wanasema nini juu ya kitabu?"

"Wanasema ni kizito, muzee."

Sikumdanganya. Nilikuwa nimekipima.

Siku moja akaja amevaa koti. Nakala zote zimekwisha, akasema, sasa anatoa sehemu ya pili. Atauza shamba la mihogo la njia ya Bendera, apeleke pesa kwa wachapaji Lubumbashi. Pensheni yake ilikuwa ya kusikia tu redioni. Shamba lile ndilo lililokuwa likiwalisha, yeye na mkewe. Nilimpongeza kwa moyo wote. Sehemu ya pili kwangu ilikuwa kilo nyingine.

Jioni akaja mkewe, mwanamke mfupi aliyesoma kwa masista kule Moba, asiyegawa tabasamu ovyo. Aliweka mezani kitu kilichofungwa katika kitenge. Nakala yake.

"Bei njo ile ile, Mama," nikamwambia.

"Sikuje kuuzisha. Najua uko na vingine chini ya meza. Kesho akipita, umuonyeshe vyote. Hiki changu weka chini kabisa. Akimaliza wale wote, anikute."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nikisema mimi, atasema njo wivu. Wewe unajulikana kwa pesa tu, atakuamini."

"Mama, mimi siko kanisa. Nikimwonyesha, napoteza sehemu ya pili yote."

"Nakupa kikombe cha unga."

"Beseni."

"Nusu beseni."

"Mama, shamba nzima unaokoa!"

"Shamba yenyewe njo yangu, wewe unauzia nani?"

Tulikubaliana beseni lijae, baada ya mavuno, kama shamba litakuwepo la kuvunwa.

Asubuhi nikavipanga juu ya meza kama samaki. Mzee alipoviona alitabasamu. Alidhani nimeagiza vingine. Akafungua cha kwanza, akakuta mwandiko wake mwenyewe: kwa baba wa ubatizo, nguzo ya utamaduni wetu. Akafungua cha mwanakwaya. Akafungua cha mdogo wake. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka mashineni. Alivihesabu, akavihesabu tena. Ningeweza kumwambia idadi, lakini hesabu ya mwingine haimtoshi mtu.

Mama wa vitumbua, hata bila kugeuka kutoka kwenye karai, akasema kwa sauti: "Papa, wino ya kile kitabu haitoke kabisa. Kiko muzuri sana!"

Alikuwa anamsifu.

Ndipo mzee akafika chini. Nakala ya mkewe ilikuwa na kona zilizopindwa, madoa ya mafuta, na njiti ya kiberiti kati ya kurasa. Ilikuwa imesomwa mpaka mwisho. Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mwandiko mzuri wa masista: "Uongo." Pale alipoandika jinsi alivyosimamisha treni peke yake mbele ya daraja lililovunjika: "Uongo. Ulilala. Fundi njo alisimamisha." Pale alipooa: "Uongo. Hukuleta mbuzi, ulileta ahadi."

Alisoma amesimama hadi kivuli cha meza kikahama. Mimi nilingoja machozi, kwa sababu mtu anayelia habishani bei. Hakulia.

"Hiki bei gani?"

Nikataja bei ya kitabu kipya.

"Papa! Kimechafuka, kimeandikwa-andikwa!"

"Hivi vingine ni karatasi, muzee. Hiki kimesomwa."

Alilipa mara moja, na hilo liliniuma, maana yake ningeweza kudai zaidi. Akaondoka nacho kwapani. Vile vingine hakuvitazama. Saa sita mama wa vitumbua alikuwa ameshavichukua vyote.

Shamba halikuuzwa. Baada ya mavuno mkewe akaniletea beseni kichwani. Niliupima unga kikombe kwa kikombe, nikapima tena. Ulipungua.

"Mama, hapa haujatimia."

"Umeuzia bwana yangu kitabu yangu. Ulidhani sitasikia? Nimeondoa bei yake."

Nikauliza habari za mzee.

"Yuko kule shambani. Analima, akichoka anasoma."

"Anasoma nini?"

"Mahali niliandika uongo. Sasa ananijibu pembeni, kwa wino." Akakung'uta beseni juu ya meza yangu, asiache hata vumbi la unga ndani yake. "Kitabu ikijaa, sitakuletea."