Nakshi Zilizofutwa na Mvua

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya milima ya Lesotho inauma, na 'Mapoloko Thabane keshajifunga kibwebwe. Amepiga magoti mbele ya nyumba yake, anakandika ukuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe.

Jana alikuwa amemaliza. Kuta zote nne zilijaa litema, nakshi anazochora kwa vidole na uma kabla udongo haujakauka. Usiku ikanyesha mvua ya mawe, ikafuta zote. Na kesho mwanawe Poloko analeta mke.

Nyuma yake amesimama Puseletso, dada wa marehemu mumewe, na kopo la rangi ya mafuta.

"Wifi, acha ubishi. Paka hii, itadumu."

"Kaipake sura yako, pengine nayo itadumu!"

Puseletso anacheka, lakini kopo halitui chini.

Mama huyu wa miaka 58 huchora nyumba za majirani kwa malipo ya kiroba cha unga wa mahindi. Mumewe alipofia migodini, ni unga huo uliomkuza Poloko.

Kijijini, mvua ikifuta litema watu hufurahi, husema wahenga wameipokea. Safari hii furaha haikuja.

"Nililia, nikufiche nini? Niliona mkwe wangu atapokewa na ukuta uchi," anasema.

Jana alichora maua. Leo uma unavuta mistari ya shamba lililolimwa.

"Si urudie maua? Unayajua hata ukiwa umelala," anasema Puseletso.

"Ndiyo maana siyataki! Mkono ukinakili, nao unalala. Na hiyo rangi yako, ikishadumu, mwakani nitafanya nini? Nikae niutazame ukuta?"

Puseletso anaguna. Kisha anaweka kopo chini, anakunja mikono ya gauni na kuanza kukanda udongo.

Jioni kuta tatu zimekwisha. Wa nne umesawazishwa tu, hauna hata mstari, na 'Mapoloko anaufunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji.

"Huu ni wa Lineo, bibi harusi. Akishapumzika kesho, achore chake. Akichora changu tutagombana."

"Na kama hajui?"

"Basi atakosea, wifi. Kwani mvua imehama?"

Anachota kopo jingine la maji, anayamwagia magunia. Udongo usikauke kabla mwenyewe hajafika.