Mbwa Wangu na Glavu za Manjano

Sisi Wakenya ukiugua, kamati inajiunda yenyewe, hata hujaomba. Yangu ilikaa sebuleni kwangu Kingstanding, huku ughaibuni, siku tisa kabla ya kupasuliwa tumbo. Nusu saa tu na akina mama wa kanisa walikuwa wamegawana kila kitu: wa kupika, wa kunipeleka hospitali, wa kuniombea saa tisa mchana.

"Na mbwa je?" nikauliza. Alikuwa amelala miguuni pangu, mzee wa miaka kumi na moja. Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

Mwenyekiti akacheka. "Si umfunge tu huko nyuma? Tutakuwa tunamtupia mabaki."

Aki nilipandwa na hasira! "Kwa mvua hii? Basi sipasuliwi!"

Na sikuwa natania. Daktari alishaniambia uvimbe haungoji, lakini mimi nilichokiona ni yule mzee wangu amelowa kando ya pipa la taka, ameukazia macho mlango.

Kumbe jirani yangu Mzanzibari alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya pilau, amesikia yote. Huyu mama, miaka mitatu mizima, akituona mimi na mbwa anavuka barabara kwa sababu ya mate ya mbwa, kwake ni najisi. Aliweka sufuria mezani, akaniombea afya, akaenda zake.

Asubuhi akabisha. Alikuwa amevaa glavu za kuoshea vyombo, za manjano, mpaka viwikoni, na kwapani daftari.

"Haya shoga, nieleze. Anakula saa ngapi?"

"Wewe? Na yale mate?"

"Nitaosha mara saba, moja kwa udongo. Maji si yapo? Udongo si huo bustanini? Yeye atakaa kwangu, chumba cha nyuma, mie nasali juu ghorofani. Usinipotezee wakati, andika!"

Nikaandika! Furaha ilinijaa mpaka nikaandika hata asiyoniuliza. Namba ya daktari wa wanyama. Ufunguo wa pili. Anaogopa lori la taka. Kidonge cha magoti kifichwe ndani ya soseji.

"Ya kuku," akasema.

"Ya kuku," nikaandika.

Tukajaribu matembezi saa hiyo hiyo, jirani kashika kamba ya mbwa, mimi nikichungulia dirishani. Hawajafika kona, mzee akaona kindi. Weee! Magoti yote yakapona! Akachomoka, na jirani nyuma yake, buibui linapepea, glavu juu, anapiga kelele, "Ngoja! Ngoja, mwendawazimu we!" Nilicheka nikashika tumbo, na uvimbe wangu humo humo. Nilipiga makofi peke yangu kama mtoto.

Walirudi wamelowa, wanahema wote wawili. "Kesho saa ngapi?" akauliza, macho yanamng'aa.

Halafu akafungua daftari asome nilichoandika. Chini kabisa nilikuwa nimeandika "Nisiporudi", nikaacha wazi. Nilikuwa nimeshindwa.

Akaufikia mstari huo. Akavua glavu moja, akachukua kalamu, akaandika pale pale amesimama: Atabaki kwangu. Akanigeuzia daftari nione.

"Umeona? Sasa na wewe nisikilize," akasema, akiivaa tena glavu yake. "Mie mbwa wa kukaa mlangoni akimlilia mtu, simuwezi. Urudi."