Ufito wa Mhandisi

Miaka ile ya ruksa, kampuni ya nje ilipokuja kutengeneza barabara ya kwenda Kasanga, mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo wao na, kwa Kiingereza changu cha Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mkalimani pia. Mhandisi alikuwa akicheza gofu jioni nyuma ya kambi, na mipira yake ilipotelea majanini. Kule Kitwe niliwahi kuokota mipira ya gofu, kwa hiyo ugonjwa wake niliujua kwa kumtazama tu. Kila alipopiga, mwili mzima ulihamia pembeni.

Nikachomeka ufito ardhini, karibu na nyonga yake. "Mzee, kiuno kizunguke, kisihame. Ukiusukuma ufito, umekosea."

Haikuchukua muda, mpira ukaanza kunyooka. Jumamosi moja akaita wageni na wafanyakazi wote, akatangaza kwamba mwalimu wake ataonyesha. Nilikuwa sijawahi kupiga mpira ule hata mara moja, lakini anayejua anajua. Nikachomeka ufito karibu na nyonga yangu, nikasimama kama bingwa.

Nikapiga. Ufito ukavunjika kwa nyonga yangu, mpira ukabaki pale pale. Nikaomba ufito mwingine, nao ukavunjika.

Mama yangu alikuwa amewaletea wapishi ulezi. Akatua ungo, akawaambia wageni kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, tena kwa fahari, "Mwanangu hajakosea. Kila pigo, hatua moja pembeni. Ndivyo nilivyomfundisha kupura ulezi."

Wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Mhandisi akanigeukia, akasubiri nimtafsirie.