Mazoezi ya Kunikimbia

Mimi ni mwalimu wa michezo. Kazi yangu ni kuwakimbiza watoto wa watu kuzunguka uwanja wakati ukungu bado haujaondoka, na kazi hiyo naijua. Kuna anayetaka kusifiwa, kuna anayetaka kumshinda mwenzake, kuna anayekimbilia biskuti. Ukishajua mtu anataka nini, miguu yake unayo mkononi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka yote.

Baba mkwe wangu alipopata kiharusi, tulimtoa kwake Nkunga tukamleta kwetu Kyimo, ili awe karibu na hospitali. Mguu na mkono wa kulia vilikuwa vimelala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia bila kuficha: mzee anaweza kutembea tena, ila asipoanza mapema mguu utakakamaa na hatainuka tena kitandani. Mzee akasikia, akageukia ukutani.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Vijana wengi wameyaacha hayo, wazee wetu hawajaacha, na katika miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kumwona mzee yule usoni. Tulimpa chumba cha mwisho, chenye mlango wa ndani na mwingine wa kutokea nje, mama mkwe akawa anamhudumia. Mimi nilipika, nilifua mashuka yake, na maelekezo ya mazoezi niliyatoa nikiwa jikoni, kupitia kwa mume wangu.

Nilimtuma na kila ujanja ninaoujua. Msifie. Mpe lengo dogo, akae tu kwanza. Mwambie kanisani wanamuulizia. Mume wangu alinunua hata redio, akaiweka dirishani, mbali na kitanda, ili mzee ainuke kuiwasha. Mzee akalala wiki nzima bila redio. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikasema pale jikoni, kwa sauti, kwamba mtu asiyetaka kupona asituchoshe na mashuka. Mama mkwe aliendelea kumenya ndizi.

Mchana mmoja mama mkwe alikwenda sokoni Kiwira, mume wangu yuko kazini, na mvua yetu ile isiyojua msimu inapiga bati. Nikasikia kishindo chumbani kwa mzee, halafu mtu anaguna. Niliita majirani, lakini kwa mvua ile nani angenisikia? Nikajifunika khanga usoni, nikaingia kinyumenyume.

"Nani?"

"Ni mimi, baba."

"Toka."

"Sitoki. Umeanguka, nakuinua."

Nilimsikia anahema. Nikarudi nyuma kumwelekea, hatua moja, nyingine. Haki ya Mungu, nikasikia kitanda kinalia, fimbo yake inagonga sakafu, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuzwa, na mlango wa nje unafunguka. Nilipogeuka, chumba kilikuwa kitupu. Mzee aliyekataa hata kukaa alikuwa amesimama nje chini ya upenu, ameshika nguzo, amenipa mgongo, mvua inamlowesha miguu. Nilikaa sakafuni. Wiki zote zile za sifa na malengo na redio, kumbe mtu huyu alihitaji kitu cha kukikimbia tu, na kitu chenyewe ni mimi.

Iliniuma. Kisha nikaitumia. Kesho yake nilipotoka shule nilishika ufagio, nikasimama mlangoni. "Hodi, nakuja kufagia." Nikasikia fimbo. Nikafagia taratibu, kona hadi kona, yeye yuko upenuni. Siku zilizofuata nikawa naongeza muda wa kufagia kama ninavyowaongezea wanafunzi mizunguko, naye akachoka kusimama pale, akafika kwenye mparachichi, halafu kwenye uzio. Mama mkwe aliniona akajifanya hajaona. Hospitalini mtaalamu alishangaa, akamuuliza mzee anafanya zoezi gani. Mume wangu ndiye aliyeniletea jibu la mzee: "Kwetu wanafagia sana." Nilicheka mpaka machozi, na sikuwaza zaidi ya hapo.

Halafu ikaja Jumatano moja. Nikapiga hodi, kimya. Nikadhani ameshatoka, nikaingia uso wazi. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu, fimbo iko mapajani, ananitazama. Machoni kabisa. Sikuwahi kujua kwamba macho yake ni yale yale ya mume wangu.

"Leo sitoki," alisema kwa Kinyakyusa. "Nimechoka kumkimbia mtu anayenifulia mashuka. Nataka kufika barabarani, na peke yangu naogopa kuanguka. Twende wote, mwanangu."

Mimi, niliyesomea kuwasukuma watu, nilikuwa nimemtembeza mzee wa watu kwa aibu yake, siku baada ya siku, nikijiona hodari, na muda wote huo aibu ilikuwa pia yangu. Ufagio ulinitoka mkononi. Nikatoka kwa mlango wa nje nakimbia, mtu mzima, mwalimu, nalia katikati ya migomba, mpaka karibu na barabara ambako pumzi iliniishia.

Hapo ndipo nilipoisikia fimbo nyuma yangu. Alikuwa anakuja. Hatua, anapumzika, hatua. Alikuwa ameshaupita uzio, yuko mbali kuliko alivyowahi kufika, na hakuna aliyekuwa anamfukuza.

"Ningoje," aliita.

Nikamngoja, nimempa mgongo, kwa sababu kumtazama tena sikuweza. Alichukua muda mrefu. Alipofika aliweka mkono wake begani kwangu, akaegemea.